Kikombe cha mwigizaji bora wa kiume mpeni aliyeigiza

Kwa Mheshimiwa Waziri wa jimbo anayeshughulika na utamaduni,
kwa kamati za tuzo za sinema za hapa Lubumbashi,
na kwa wakubwa wa redio na televisheni zetu,

Jambo yenu.

Naandika juu ya kikombe kimoja tu, kile cha mwigizaji bora wa kiume. Vya mavazi, vya wimbo, vya bango zuri sina ugomvi navyo, gaweni mnavyopenda. Hiki kinaniuma, maana mwaka mmoja niliitwa niwe mmoja wa waamuzi watatu, nikaja na tai shingoni, nikarudi nyumbani usiku bila kujua tulichoamua.

Mambo yalikwenda hivi. Tulipewa flashi yenye filamu tisa, flashi moja kwa watu watatu. Mimi nilikaa nayo siku mbili. Ilipomfikia mwenzangu wa pili, umeme ulikatika kwake siku zote zilizobaki, akatazama kwenye simu mpaka betri ikamgomea. Wa tatu, mzee mwaminifu sana, alikiri mwenyewe kwamba ameona mbili na nusu. Jioni ya sherehe, sisi bado tunaulizana nani ana kalamu, kijana wa protokoli akatuletea bahasha tatu zimekwisha kubandikwa. Nikamuuliza ni za nini.

"Papa, majina njo ile. Mutasoma tu."

Tukasoma. Jina la mwigizaji wa kiume nililisoma mimi, kwa sauti yangu mwenyewe, mbele ya watu, nikitabasamu. Hilo ni kosa langu na simsukumii mtu. Kikombe kilikwenda kwa mchekeshaji mmoja ambaye nusu ya mji inamfuata kwenye simu, naye anastahili kufuatwa, hata mimi ananichekesha. Ila katika filamu ile anaonekana dakika kumi hivi, na dakika zote kumi anapiga kelele. Tuzo ilikuwa ya mhusika mkuu.

Sasa niwaambie nani alikuwa kwenye ile flashi.

Filamu ya sita ilipigwa kwa simu huko Ruashi, mtaa mmoja wa mji wetu. Sauti inakwaruza, na kuna mlango unaofunguka mara mbili kwa kosa la aliyeunganisha picha. Mhusika ni baba mmoja, mchimbaji wa mikono. Mchana shimo limemwangukia mwenzake, yeye ametoka mzima, na hajamwambia mtu. Mke wa marehemu ni jirani. Tunamsikia nyuma ya ukuta akiita watoto wake waje kuoga. Baba ameketi mbele ya bukari, ugali wetu. Ananawa. Anatazama kucha zake, vumbi la kijani limekaa chini yake. Ananawa tena. Mama watoto anamwambia, "Bukari inapola," yaani inapoa. Anakata tonge, analibonyeza kwa kidole gumba, analichovya kwenye mchuzi wa dagaa wa kapenta, analiinua hadi karibu na mdomo, na hapo jirani anacheka kule nje. Mkono unasimama. Kinachofuata nilikirudisha nyuma mara nne. Hatupi tonge, hainamishi kichwa, hatoi chozi. Anamgeukia mtoto wake mdogo na kumlisha lile tonge, kana kwamba alikuwa amemkatia yeye tangu mwanzo. Anakata la pili, anamlisha mwingine. Sahani inaisha, yeye hajaonja kitu, na mkewe ameacha kutafuna, anamtazama.

Kwetu mtu akifiwa kwenye filamu analia mpaka kamera inalowa. Huyu alimaliza kazi yote kwa mkono wa kulia. Nadhani hajafika miaka thelathini, na niliamini kabisa kwamba ana watoto watatu na mgongo unaouma.

Kikombe hiki, mkitaka msitake, ni shule. Mwaka ule mlimpa aliyepiga kelele. Mwaka uliofuata nilikwenda kama mtazamaji wa kawaida, nikalipa kiti changu, na wanaume wote niliowaona kwenye kitambaa cha sinema walikuwa wakipiga kelele: mchungaji anafokea pepo, bosi anafokea dereva, baba mkwe anafokea kila mtu. Watengenezaji si wajinga. Wanaangalia kilicholipwa, wanapika hicho.

Nilipokuja kulalamika nilipewa soda na jibu: "Papa, duniani kote tuzo ni politiki." Ni kweli. Na kwa sababu hiyohiyo kuna watu waliokaa chini wakatafuta dawa yake, tena zamani.

Mwaka 1935 waandishi wa sinema wa magazeti ya New York waliunda chama chao, New York Film Critics Circle, wakaanza kutoa tuzo zao wenyewe badala ya kungoja Hollywood ijipigie makofi. Mwigizaji wa kiume wa kwanza waliyemchagua alikuwa Charles Laughton. Miaka thelathini baadaye chama hicho nacho kilikuwa na mlango wake uliofungwa, waandishi wa majarida hawakukaribishwa. Hawakwenda kulia kwa mkubwa yeyote. Walikutana nyumbani kwa mmoja wao, Hollis Alpert, katika mji huohuo, na mwaka 1966 wakaanzisha chao, National Society of Film Critics. Kikombe chao cha kwanza cha kiume wakampa Michael Caine. Wa Los Angeles nao wakaunda chao mwaka 1975. Basi pale Marekani kuna vyama vya wakosoaji juu ya vyama, kila kimoja na orodha yake, na hakuna anayemwomba mwenzake ruhusa.

Hesabu yao ndiyo iliyonivutia. Katika National Society kila mkosoaji anaandika majina matatu. Wa kwanza anapata alama tatu, wa pili mbili, wa tatu moja. Alama zinajumlishwa, kisha zinatangazwa, za mshindi pamoja na za waliomfuata. Wa Los Angeles pia humtaja mshindi na aliyekuwa nyuma yake. Kwa hiyo kesho yake msomaji anajua fulani alikosa kwa alama chache. Kukosa kwa alama chache ni jambo la kusimulia watoto! Kwetu ukikosa kikombe hujui kama ulikuwa wa pili, au kama hakuna aliyefungua faili lako.

Na mara nyingi orodha zao hazifanani na ya Oscar, wala haziwatii aibu. Mwaka 1992 wa New York walimchagua Denzel Washington kwa Malcolm X. Oscar ikaenda kwa Al Pacino. Kwa filamu za 2020, wa New York na National Society wote wawili walimpa Delroy Lindo kwa Da 5 Bloods ya Spike Lee, na Oscar haikumweka hata katika wale watano wa kushindaniwa. Leo mtu akitaka kubishana nani aliigiza vizuri mwaka ule, anazo orodha kadhaa za kulinganisha. Sisi tunayo moja, na ilikuja kwenye bahasha.

Msije mkasema namdharau mchekeshaji. Mwaka 2006 wakosoaji wa Los Angeles waligawa kikombe cha kiume mara mbili: nusu kwa Forest Whitaker aliyemwigiza Idi Amin, nusu kwa Sacha Baron Cohen kwa Borat. Upande mmoja mtu aliyekwenda Uganda kupiga filamu na kujifunza Kiswahili ili amvae dikteta mpaka kucha. Upande wa pili mchekeshaji mwenye masharubu na suti moja. Lakini yule mchekeshaji alibeba filamu nzima mgongoni kwake, tena mbele ya watu ambao wengi wao hawakujua kwamba anaigiza. Waliompigia kura walikuwa wamemwona akifanya hivyo. Mchekeshaji wetu akinibebea filamu nzima, karatasi yangu itakuwa ya kwanza kumwandika.

Kuna jambo la lugha pia, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2019 vyama hivyo vitatu, New York, Los Angeles na National Society, vyote vilimpa kikombe cha kiume Antonio Banderas, kwa filamu ya Pedro Almodóvar inayosemwa kwa Kihispania. Wamarekani wale hawakumwambia arudi na Kiingereza. Hapa kwetu, filamu ya Ruashi ilikuwa na maandishi ya Kifaransa chini ya picha, kwa ajili ya wageni wa heshima. Mama anasema "Bukari inapola". Maandishi yanasema njoo mle. Neno lililobeba hofu yote ya ile nyumba limegeuka kengele ya chakula. Mwamuzi anayesoma chini badala ya kusikiliza juu hawezi kujua kwa nini ule mkono ulisimama. Namheshimu kila mgeni anayekuja kutusaidia, ila kwenye meza ya waamuzi wekeni kwanza watu wanaosikia Kiswahili chetu cha hapa, pamoja na ukimya wake.

Maana mji huu si mgeni katika kuigiza kwa lugha yake. Waliozidi miaka arobaini wanamkumbuka Mufwankolo, mwigizaji wetu wa vichekesho, na kundi lake, redioni, televisheni, jukwaani. Hawakushika maandishi mkononi. Walikubaliana kisa kinaanzia wapi na kinaishia wapi, kisha kila mmoja akajaza maneno yake kwa Kiswahili cha nyumbani. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza juu ya methali moja inayosema kwamba mamlaka huliwa mzima mzima. Badala ya kumpa maelezo, wakaigeuza mchezo, na yeye akarekodi mazoezi yao moja baada ya jingine hadi mchezo ulipochezwa kijijini Kawama. Mwaka 1990 akachapisha kitabu. Mbali na wasomi wachache wa chuo chetu kikuu, nani mwingine aliandika jinsi Mufwankolo alivyosimama, alivyonyamaza, alivyomgeuzia mke wa mchezo mgongo ili watu wacheke kabla hajasema neno? Kuna kipaji kikubwa cha mwanaume kilichopita mbele ya macho yetu kwa miaka mingi, na leo nikitaka kukisoma nafungua kitabu cha Mzungu. Hiyo ndiyo maana ya kukosa wakosoaji. Watu wanacheka, wanakwenda kulala, na baada ya miaka ishirini hakuna karatasi.

Jengo la 30 Juni lilijengwa miaka ya 1950 liwe tiyatri ya mji. Leo ni nyumba ya bunge la jimbo. (Waigizaji wazuri hawajakosekana humo, lakini hayo ni ya barua nyingine.)

Tuje karibu zaidi. Mwaka 2023 Baloji, mtoto wa Lubumbashi, alifika tamasha la sinema la Cannes na filamu yake Augure, akapewa tuzo ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard. Aliyebeba sehemu kuu ni Marc Zinga, mzaliwa wa Likasi hapo juu tu. Anaigiza Koffi, kijana aliyeishi Ulaya miaka mingi anayerudi kwa familia iliyomwita mchawi tangu utotoni kwa sababu ya alama usoni. Pahali fulani amempakata mtoto mchanga wa ndugu yake, damu ya pua inamtoka na kumdondokea mtoto, na ukoo mzima unaruka juu. Mtazameni Zinga pale. Kabla hajaelewa amekosa nini, mwili wake umekwisha kuomba radhi, kama mtoto aliyezoea kupigwa. Filamu hiyo ndiyo Ubelgiji iliyoichukua kuiwakilisha kwenye Oscar. Mimi kwenye redio za hapa nilisikia mengi juu ya mavazi yake na juu ya nani alialikwa. Juu ya kile Zinga alichokifanya kwa mabega yake sikusikia hata dakika moja. Labda nilikuwa nimelala.

Kwa kamati, basi, ombi langu. Waamuzi watazame filamu zote pamoja, ndani ya ukumbi mmoja, jenereta ikiwa na mafuta, siku mbili au tatu. Mafuta hayo hayazidi bei ya maua na vitambaa vya sherehe yenu, nimeviona. Wakimaliza waandike majina matatu kama wale wenzetu, alama tatu, mbili, moja, zisomwe kwa sauti mbele ya waigizaji wenyewe na karatasi zibandikwe mlangoni na majina ya waliopiga kura. Nikiwa nimempa binamu yangu tatu, mji mzima uone. Afadhali hata mwenye ndugu ndani ya filamu asipige kura. Najua mji wetu ni mdogo na tutatoka wengi, haidhuru, waite walimu, waite wale mama wa Katuba wanaotazama filamu kila usiku kuliko mimi. Na kila mwamuzi aandike nusu ukurasa tu kueleza kwa nini wa kwanza wake ni wa kwanza. Asiyeweza kuandika nusu ukurasa hakutazama. Mwaka ambao hakuna aliyestahili, kikombe kikae kabatini.

Mheshimiwa Waziri, kwako sikuombi fedha, ingawa ukiwa nazo hatutakataa. Nakuomba jambo gumu zaidi: jioni ile simu isipigwe. Wala na wewe, wala na mtu anayesema amepiga kwa jina lako.

Wakubwa wa redio na televisheni, ninyi ndio mngeweza kuzaa wakosoaji, maana hawazaliwi na kamati. Nusu saa kwa juma inatosha. Kijana aliyetazama filamu mara mbili akae na kipaza sauti, aseme nini kilimshika na nini kilimchosha. Lakini mlipeni ninyi. Tunaijua ile bahasha tunayoiita kupaje, inayotoka kwa mwenye filamu na kuingia mfuko wa mwenye habari. Mwandishi aliyelipwa nauli na mwenye filamu ataona mwigizaji bora hata kwenye picha ya pasipoti. Sisemi hivyo kwa kujitakasa. Niliwahi kuipokea, nikaandika kwamba fulani ameigiza kwa kipaji kisicho na mfano, na aliposoma alinipigia simu kunishukuru huku nikisikia kwamba hata yeye haamini.

Mama mmoja wa redio, aliposikia naandika barua hii, aliniuliza kwa nini bado nashikilia kikombe cha wanaume wakati wengine wameshakiondoa. Alinipata. Tamasha la Berlin liliacha kutenga wanaume na wanawake mwaka 2021. Wakosoaji wa Los Angeles walifuata mwaka 2022, sasa wanachagua wawili bila kuuliza ni nani. Mwaka wa kwanza walitoka Bill Nighy na Cate Blanchett, mwanaume na mwanamke. 2023 na 2024 wote wawili walikuwa wanawake. Napenda ujasiri huo. Lakini kwa jinsi bahasha zetu zinavyotembea, tukiunganisha vikombe leo, cha akina mama ndicho kitakachomezwa. Tuanze na kutazama filamu, kuunganisha kutakuja.

Yule kijana wa Ruashi anauza mayunite ya simu karibu na Carrefour. Juma lililopita nilinunua kwake bila kujua ni yeye, yeye akanijua mara moja, maana alikuwa ukumbini usiku ule nilipotabasamu. Alinipa chenji yangu kwanza. Kisha akauliza, kwa adabu, "Papa, nilikosa fasi gani?"

Sikuwa na cha kumwambia. Nilirudi nyumbani nikaandika nusu ukurasa juu ya lile tonge, na jinsi alivyomlisha mtoto. Kesho yake nilimpelekea nakala. Aliisoma akiwa amesimama, mteja akamsubiri, akaikunja na kuiweka ndani ya kisanduku cha mayunite, chini ya noti. Nakala nyingine nimeileta kwenu Jumatatu. Mlinzi ameipokea na kuiandika kwenye daftari la wageni, ukurasa wa mwisho, mstari wa nne kutoka chini.

Aliyekuwa mwamuzi wenu,
Kamalondo, Lubumbashi